Kioo kinajua jua lilipo, ila hakijui chenyewe kimesimamaje

Bila shaka ulipokuwa shule ya msingi ulishawahi kucheza na kioo. Unaokota kipande, unakitega juani, doa la mwanga linakwenda kutua ukutani, au usoni mwa mwenzako aliyekaa kivulini, au siku ya bahati mbaya machoni mwa mwalimu. Ulijifunza mambo mawili bila kufundishwa na mtu. Kwanza, ukitikisa mkono kidogo tu, doa kule mbali linaruka sana. Pili, ukikiegemeza kioo kwenye jiwe ukaenda kunywa maji, ukirudi unakuta doa limeshahama.

Leo tuongee kuhusu watu wanaocheza mchezo huo kwa vioo 300, kila kimoja karibu mita za mraba 40, wakilenga juu ya mnara wa mita 80. Na hasa nataka tuongee kuhusu makala moja ya kitaalamu ya mwaka 2004 niliyoipenda sana, nikampa mdogo wetu wa mwaka wa nne pale maabara aifuate kwenye mradi wake, na ikamgharimu wiki nne. Makala yenyewe sio mbaya. Niliyekosea ni mimi, niliisoma vibaya. Ila nadhani nimeshaelewa kwa nini ni rahisi kuisoma vibaya, na hapo ndipo ilipo lawama yangu kwayo.

Makala hiyo iliandikwa na Manuel Berenguel wa Chuo Kikuu cha Almería nchini Hispania pamoja na wenzake, wakiwemo Francisco Rubio na Eduardo Camacho wa Chuo Kikuu cha Sevilla, na ikatoka katika jarida la Solar Energy. Ukisoma mambo ya udhibiti wa mitambo ya jua, majina hayo matatu utayakuta kila kona. Wameandika hadi vitabu vizima juu ya namna ya kudhibiti mitambo ambayo chanzo chake cha nishati huwezi kukiongeza wala kukipunguza, maana jua halina koki. Kazi ninayoizungumzia hapa inahusu jambo dogo zaidi: kutumia kamera ya kawaida, tena ya nyeusi na nyeupe, kusahihisha vioo ambavyo vimeanza kulenga pembeni.

Mahali penyewe ni kituo cha utafiti kinachoitwa Plataforma Solar de Almería, katika jangwa la Tabernas, kusini mashariki mwa Hispania. Pale pana mtambo wa CESA-1 uliozinduliwa mwaka 1983. Vioo vyake 300 vimepangwa upande wa kaskazini wa mnara, kwa sababu kule Hispania jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Vyote vikilenga vizuri, kwenye kipokezi kule juu ya mnara unapata joto la kama megawati 7. Kila kioo kina mota mbili, moja ya kukigeuza kushoto na kulia, nyingine ya kukiinua na kukilaza. Wahandisi wanakiita heliostati. Kazi yake ni moja tu, kuhakikisha doa halihami ingawa jua linahama.

Sasa, kitu ambacho watu wengi hukosea: heliostati hailitazami jua, na wala haiutazami mnara. Inatazama katikati ya hivyo viwili. Paneli ya umeme unaweza kuipa kihisi cha mwanga kikaiongoza ielekee jua moja kwa moja, kama alizeti. Kioo hakiwezi. Mahali kinapotakiwa kutazama ni angani patupu, hapana kitu chochote cha kukifuata. Kwa hiyo njia ya kawaida ni kupiga hesabu: kompyuta inajua tarehe, saa, latitudo na longitudo, inakokotoa jua liko wapi, inajua mnara uko wapi, inagawa katikati, inaziambia mota zigeuke kiasi fulani. Basi. Hakuna anayeangalia kama mwanga umefika. Huu ndio udhibiti usio na mrejesho, ni sawa na kumtumia mtu hela kwa simu bila kungoja ujumbe wa uthibitisho.

Na hapa ndipo nilipodanganyika mara ya kwanza. Mtu ukisikia hivyo unafikiri kwamba ugumu wote uko kwenye hesabu ya jua. Si jambo la angani hili, lenye mapacha na misimu? Lakini hesabu ya jua ilishamalizwa zamani. Mwaka 2001 watafiti wa kituo hichohicho cha Almería walichapisha programu fupi kabisa, ya kuingia hata kwenye kompyuta ndogo, inayokupa mahali pa jua kwa kosa lisilozidi nusu ya dakika ya pembe kwa miaka 1999 hadi 2015. Nusu dakika ya pembe ni sehemu moja ya 120 ya digrii. Kwa kioo kilicho mita 300 kutoka kwenye mnara, kosa hilo linahamisha doa kwa sentimita 4 hivi. Anga haina shida, bwana. Shida iko chini.

Hebu tuipime hiyo shida ya chini. Wahandisi wanapenda kipimo kinachoitwa miliradiani: ni kupotoka mita 1 kwa kila mita 1,000 za umbali. Kioo kikipotoka miliradiani 1, mwanga wake unapotoka mara mbili ya hapo, kwa sababu mwali unaokuja na mwali unaoondoka vyote viwili vinabadilika pembe. Kwa mita 300, hiyo ni sentimita 60. Miliradiani 1 ni kitu gani? Ni kama unyanyue ncha moja ya ubao wa mita 1 kwa unene wa kadi ya benki. Jino la gia lililolegea linatosha, au nguzo iliyosimikwa na fundi aliyekuwa na haraka Ijumaa mchana. Halafu kumbuka doa lenyewe sio nukta. Jua lina upana, kama miliradiani 9 hivi ukilitazama kutoka duniani, kwa hiyo hata kioo kisicho na kasoro yoyote kitatupa doa lenye upana wa karibu mita 2.8 kwa umbali huo. Sentimita 60 kwenye doa la mita 2.8 sio mchezo.

Basi pale CESA-1, kama ilivyo kwenye mitambo mingi ya aina yake, kulikuwa na kazi ya mikono. Mwendesha mtambo anachagua kioo kimoja, anakitoa kwenye kipokezi, anakielekeza kwenye ubao mweupe uliopo kwenye mnara, anaangalia doa limeangukia wapi, kisha anaongeza au anapunguza kiasi fulani kwenye kila mhimili mpaka doa likae katikati. Hicho kiasi ndicho ofseti. Anakirudisha kioo kazini, anachukua kinachofuata. Kwa nini lazima akitoe? Kwa sababu kikiwa kazini doa lake limechanganyika na madoa mengine 299, na huwezi kujua lipi la nani.

Berenguel na wenzake walichofanya ni kumweka kamera mahali pa jicho la mwendesha mtambo. Na wanasema hivyo wazi, kwamba mfumo wao unaiga utaratibu uleule wa waendeshaji. Kamera inapiga picha ya ubao, programu inatenga pikseli zenye mwanga uliovuka kizingiti fulani, inatafuta kitovu cha doa, inapima umbali kutoka kitovu hicho hadi katikati ya ubao, halafu umbali huo unageuzwa kuwa ofseti.

Hiki ndicho kilichonifanya niipende, na bado nakipenda. Makala nyingi za uhandisi za udhibiti, tuseme ukweli, zinaanza na mlinganyo wa kutisha na kuishia kwenye grafu ya kompyuta ambayo haijawahi kuona vumbi. Hawa walikwenda kumtazama mtu anayefanya kazi, wakauliza anafanyaje, wakagundua kwamba anachofanya kinaweza kufanywa na kamera ya kawaida inayopatikana sokoni. Hakuna kifaa cha anasa. Hakuna haja ya kung'oa vioo na kufunga vipya. Mtambo wa mwaka 1983 unaweza kuendelea na mifupa yake ya zamani. Kwa mwanafunzi wa huku kwetu, ambaye bajeti ya mradi wake ni hela ya kuombaomba, makala ya namna hiyo ni kama kushikwa mkono. Watafiti hawa wana tabia hiyo. Mwaka 1999 Berenguel alishiriki pia kazi ya palepale CESA-1, ambapo walichukua busara za waendeshaji juu ya vioo vipi vihamishiwe wapi ili joto lisirundikane sehemu moja ya kipokezi, wakazigeuza kuwa kanuni za programu. Wanaheshimu ujuzi wa mtu wa zamu. Mimi nawapa heshima kwa hilo.

Lakini ukimwiga mtu, unaiga na udhaifu wake.

Tuje kwa mdogo wetu. Mradi wake ni kioo kimoja tu, sentimita 60 kwa 60, juu ya nguzo ya bomba la chuma nyuma ya karakana, mota mbili, kompyuta ndogo ya bei rahisi, na ubao uliopakwa rangi nyeupe umbali wa mita 20. Lengo ni kuja kuelekeza jua kwenye kikaushio cha matunda kilicho kivulini. Hesabu ya jua aliweka, ikakubali. Doa likaanguka pembeni ya katikati, kama kawaida. Nikamwambia kwa kujiamini: soma makala ya Almería, weka kamera, pima kitovu, weka ofseti, mambo kwisha.

Saa nne asubuhi akasahihisha. Doa katikati kabisa, tukapiga picha, tukafurahi. Saa tisa alasiri akaja.

"Kaka, doa limetoroka tena."

Lilikuwa limehama karibu urefu wa rula ya sentimita 30. Akasahihisha upya. Kesho yake saa nne asubuhi, limetoroka upande mwingine. Akasahihisha. Alasiri, tena. Nikamwambia akague saa ya kompyuta, akague longitudo, labda ameandika latitudo ya kusini kana kwamba ni ya kaskazini. Alikagua kila kitu. Wiki nne! Na mimi mkubwa wake nilikuwa na hesabu ya kumwokoa mkononi, sikuitumia. Jua huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kwa umbali wa mita 20 saa ikikosea dakika nzima doa linahama sentimita 9 tu. Ili lihame 30 saa ingebidi ikosee zaidi ya dakika tatu, na kompyuta yake ilikuwa inasoma saa kwenye mtandao.

Aliyetatua ni fundi wa karakana, aliyepita akiwa na pimamaji. Aliliweka kwenye nguzo, akaangalia kipovu, akatucheka. Nguzo ilikuwa imeinama. Kidogo, kama nusu digrii, macho hayaoni. Lakini piga hesabu: nusu digrii ni karibu miliradiani 9, mara mbili ni 18, mara mita 20, unapata sentimita 35.

Sasa kwa nini ofseti haikuitibu? Fanya jaribio hili mwenyewe. Simama kwenye mteremko ukiutazama uelekeo wa kushuka. Mwili wako unataka kuanguka mbele. Ukitaka kurekebisha, unaegemea nyuma kidogo. Sawa. Sasa, bila kuacha kuegemea nyuma, geuka robo ya mzunguko. Mteremko haupo tena mbele yako, upo ubavuni. Ile egemea yako ya nyuma haina kazi, tena imekuwa kosa jipya, na kosa la ubavuni halijaguswa. Kioo kwenye nguzo iliyoinama kiko hivyohivyo. Asubuhi kinatazama upande mmoja, alasiri kimeshageuka. Mwinamo ni uleule, haujabadilika hata nywele, ila kosa linaloonekana kwenye ubao linabadilika kila saa. Ofseti ni namba isiyobadilika. Huwezi kutibu kitu kinachobadilika kwa namba isiyobadilika. Unaweza kukituliza tu kwa saa hiyo.

Ni panadoli. Homa inashuka, mgonjwa anakaa, na malaria iko palepale.

Na jambo hili halikuwa siri mwaka 2004. Kule Marekani mwaka 1986 Kenneth Stone alishapata hataza ya njia ambayo kioo kinapimwa kwenye ubao nyakati mbalimbali za siku, halafu vipimo vyote vinawekwa pamoja kutafuta kasoro zenyewe za kioo: nguzo imeinama kiasi gani na kuelekea wapi, mihimili imekosa pembe mraba kiasi gani, kipima mzunguko kimeanzia sifuri isiyo sahihi kiasi gani. Ukishazijua hizo, kompyuta inakokotoa kosa la kila saa ya kila siku kabla halijatokea. Baadaye Stone na mwenzake walichambua vioo vya mtambo wa Solar Two kule California uliofanya kazi kati ya 1996 na 1999, wakaeleza kwamba kasoro za aina hii ndizo zinazotoa makosa yanayobadilika na saa, na kwamba kuongeza tu ofseti hakuzimalizi.

Lawama yangu basi ni hii. Kamera ilikuwa kifaa sahihi kabisa. Kila picha ya doa, ikiandikwa pamoja na tarehe na saa yake, ni ushahidi juu ya namna kioo kile kilivyosimama ardhini. Njia ya ofseti inautumia ushahidi huo mara moja, kusogeza doa, kisha haina kazi nao tena. Wamechukua mkono wa mwendesha mtambo, wakauacha ubongo. Maana mwendesha mtambo mzoefu hasogezi tu. Baada ya miezi sita anajua kwamba kioo fulani cha safu ya pili "kina tabia ya kuvuta kushoto mchana". Hiyo kumbukumbu ndiyo yenye thamani, na kamera ingeweza kuiweka kuliko binadamu yeyote.

Utaniambia, mbona wao wenyewe wamesema? Kweli, kwenye muhtasari wameandika kwamba umbali uliopimwa unatumika kusahihisha ofseti kwa usahihi mdogo. Maneno hayo yapo. Mimi niliyapita kama unavyopita masharti ya kampuni ya simu. Ila kichwa cha makala kinazungumza juu ya udhibiti kwa kuona na usahihishaji wa kiotomatiki, na sisi wanafunzi tunasoma vichwa, tunasoma picha, tunanakili. Nimeona jinsi kazi za aina hii zinavyotajwa kwenye miradi ya wanafunzi kama mfano wa udhibiti wenye mrejesho, utadhani kamera inakiangalia kioo muda wote. Haikiangalii. Inakiangalia zamu yake ikifika, kwenye ubao, kikiwa nje ya kazi. Kikirudi kwenye kipokezi kinarudi gizani, kinaenda kwa hesabu tu kama zamani.

Kuna dosari nyingine ndogo, niipite haraka. Kitovu cha doa kina maana nzuri doa likiwa la mviringo. Kioo cha mita za mraba 40 kimeundwa kwa vipande vingi, na vipande vikikosa kupangana doa linakuwa na mkia. Mkia ukivuka kizingiti cha mwanga unavuta kitovu, usipovuka haukivuti. Yaani kizingiti ulichochagua kinaamua katikati iko wapi. Kwa doa zuri hutaona tofauti. Kwa doa baya, ambalo ndilo linalohitaji msaada, utaiona.

Kubwa ni muda. Tuchukulie, kwa kukisia tu, kwamba kioo kimoja kinahitaji dakika 5 kwenye ubao. Vioo 300 ni saa 25, siku tatu au nne za jua zuri. Inavumilika. Sasa nenda Ivanpah, jangwa la Mojave kule California, mtambo ulioanza kazi mwisho wa 2013 ukiwa na heliostati 173,500. Kwa ubao mmoja na dakika 5 kila kioo, saa nane kwa siku bila wingu, ni karibu miaka mitano kumaliza mzunguko mmoja. Hata ukiweka ubao kwenye kila mnara, na iko mitatu, bado ni zaidi ya mwaka na nusu. Kufikia kioo cha mwisho, cha kwanza kimeshasahau kila kitu. Na sio suala la ufanisi peke yake. Tarehe 19 Mei 2016 mnara mmoja wa Ivanpah ulishika moto kwa sababu ya vioo vilivyolenga sehemu isiyo yake. Mwanga ulichoma nyaya na mabomba badala ya kipokezi. Mwanga wa jua ukikusanywa kiasi hicho, kukosea shabaha maana yake ni kuunguza kitu kingine.

Mwaka huohuo wa 2004 Abraham Kribus na wenzake wa Israeli walichapisha njia iliyoligeuza swali. Badala ya kamera kuangalia doa, wakaweka kamera kukizunguka kipokezi, zikitazama vioo. Ukiwa kando ya kipokezi, kila kioo unakiona mahali pake uwanjani, hakichanganyiki na jirani yake. Mwanga wake ukiegemea upande wako, unakiona kinang'aa zaidi. Kamera ya upande wa pili inakiona kimefifia. Linganisha ming'ao hiyo, unajua kimepotoka wapi, na hukukitoa kazini hata dakika moja. Huo sasa ndio mrejesho. Na vioo vingi vinapimwa kwa picha moja.

Je, ina maana Almería walikosea na hao wengine walipatia? Sitaki kwenda haraka hivyo. Kamera karibu na kipokezi inakaa jirani na mahali panapopokea maelfu ya kilowati. Lazima ilindwe, ipoozwe, isafishwe, na mtu apande mnara kuitengeneza. Ya Almería unaiweka mahali salama inatazama ubao. Kama ningekuwa meneja wa mtambo wenye vioo 300, waendeshaji wanne na bajeti ya kubana, ningechagua ya Berenguel na ningelala usingizi. Ningeongeza kitu kimoja tu, faili la kumbukumbu. Kila sahihisho liandikwe na saa yake, na mwisho wa mwezi mtu akae na zile namba atafute nguzo zilizoinama. Vifaa havibadiliki hata kimoja.

Neno kwa walio karibu na ikweta kama sisi. Almería iko latitudo 37 kaskazini. Kule jua linatoka, linapita kusini, linazama, na vioo vya kaskazini mwa mnara vinageuka kwa upole kutoka upande wa kusini mashariki kwenda kusini magharibi. Dar es Salaam ni karibu 7 kusini. Jua letu mara mbili kwa mwaka linapita utosini, miezi mingine linapita kaskazini, mingine kusini. Kioo kimoja kinaweza kulazimika kutazama pande ambazo kioo cha Almería hakizioni kamwe, na kikielekea karibu na utosi mhimili wa kushoto na kulia unaweza kutakiwa ugeuke sana ndani ya dakika chache. Maana yake ofseti iliyovumilika kule itachakaa haraka zaidi hapa. Ukinakili njia, nakili na latitudo kichwani.

Mdogo wetu sasa anaandika kila kipimo: saa, jua lilipo, doa lilipo. Ana vipimo vya kutosha kukokotoa mwinamo wa nguzo kwa upande wa mashariki na magharibi, na namba aliyoipata inakaribiana na kipovu cha fundi. Upande wa kaskazini na kusini bado unamchezea. Juzi nilimletea simiti na kamba, nikamwambia tuinyooshe nguzo tumalize kazi, kikaushio kinasubiri.

Akakataa. "Kaka, tukiinyoosha tutajuaje kama programu inafanya kazi?"

Sikuwa na jibu. Simiti nimempa fundi, na wiki ijayo tunapima kuanzia saa moja asubuhi, kabla kivuli cha karakana hakijaufikia ubao.